Idara ya Usalama wa Mapaa

Wananchi wa Kampala walitangaziwa redioni, mara tu baada ya taarifa ya habari ya asubuhi, kwamba kuanzia siku hiyo kila paa ni mali ya ulinzi wa taifa, na raia atakayepanda juu yake ni jasusi. Wengine walinung'unika chinichini. Hawakuelewa. Mtu akiwa juu ya paa kule Makindye anaiona kambi ya jeshi. Akiiona kambi, anayaona magari. Akiyatazama vizuri, atagundua kwamba mengi hayana magurudumu. Mimi nilikuwa Naibu Mkuu wa Idara ya Usalama wa Mapaa, na nasema bila kujisifu kwamba tulichapa kazi.

Wa kwanza kukamatwa alikuwa Kasereka, Mkongomani, fundi wa kusafisha dohani. Tulimkuta Kyambogo juu ya nyumba ya mwalimu, kashika brashi ya waya iliyofungwa kwenye kamba. Alisema anatoa masizi. Tukampeleka Makindye akaeleze vizuri zaidi.

Mkewe, Mbambu, alikuwa mpishi wa mkuu wetu, Kapteni Taban. Kila asubuhi alipiga magoti mbele yake.

"Afande, unirudishie bwana yangu. Yeye hapana mtu ya siasa."

"Uchunguzi unaendelea," Kapteni alijibu, kisha akaagiza chai.

Kapteni aliishi katika nyumba kubwa aliyogawiwa baada ya wenyewe, Wahindi, kufukuzwa nchini. Jikoni mlikuwa na jiko la kuni la chuma, zito kama kifaru cha vita. Mbambu alilitunza: kila asubuhi, likiwa limepoa, alizoa majivu na kukwangua masizi ya ndani. Lakini bomba la juu hufikiwa kutoka paani tu. Tena askari walimletea kuni mbichi, ambazo huacha ndani ya bomba utando mweusi unaonata kama lami. Moshi ukaanza kurudi jikoni.

"Afande, dohani imeziba," Mbambu alisema. "Inataka mtu apande, ashushe brashi. Ikikaa hivi itashika moto."

"Dohani ya serikali haizibi."

"Ndiyo, afande," alijibu huku akikohoa.

Jumamosi Brigedia alialikwa chakula cha mchana. Kabla supu haijafika mezani, moshi ulifika. Brigedia akatokwa na machozi, na kwa kuwa mtu wa cheo chake halii, sote tukatazama pembeni.

"Taban," alisema, "unataka kuniua?"

Mwaka ule, hilo halikuwa neno la kuambiwa na Brigedia. Kapteni alitoka mbio kutafuta ngazi. Nikamshauri aite fundi.

"Fundi gani? Si mmewafunga wote!"

Nilishangaa, maana amri ilikuwa yake. Akapanda mwenyewe, nishani zote kifuani, akaanza kusukuma ufagio wa chooni ndani ya dohani, moto ukiwa bado unawaka chini. Moshi na masizi vikamlipukia usoni.

Koplo Ssebunya, aliyekuwa lindoni, akainua bunduki. "Wewe huko juu! Shuka halaka!"

"Ni mimi, mjinga wee!"

"Najua ni wewe, afande. Lakini uko juu ya paa."

Koplo akanigeukia. Nikamtazama Brigedia, ambaye bado alikuwa anapangusa macho. Amri haikuwa na kifungu cha makapteni. Tukampakia kwenye lori.

Alifungwa chumba kimoja na Kasereka. Kesho yake akanipigia kelele dirishani: "Rekebisha amri! Tangaza kwamba fundi wa dohani si jasusi!" Nikampigia saluti. Jioni hiyohiyo redio ikatangaza kwamba mafundi wote wa dohani waachiliwe.

Koplo Ssebunya akatumwa Makindye kufungua mlango. Kasereka akatoka, Kapteni akimfuata kwa karibu.

"Wewe fundi?"

"Mimi ni Kapteni!"

"Basi ludi ndani, afande."

"Fundi! Mimi ni fundi!"

Koplo akamuuliza Kasereka kama huyu ni mwenzake. Kasereka aliutazama uso wa Kapteni, nyusi zimeungua.

"Hapana," akasema. "Fundi hapandi na moto ukiwaka."

Mbambu alikuwa anamsubiri langoni. Siku hiyohiyo wakashika njia ya mpakani, bila ruhusa ya mtu.

Nyumba sasa nimegawiwa mimi, na cheo pia. Jiko limejaa majivu, dohani imeziba kabisa, na hakuna fundi anayekubali tena kupanda paa. Idara imenishauri nile vyakula vya baridi. Idara ni mimi.