Nilivyobebwa Njia ya Majabali

Alhamisi, 5 Machi

Mume wangu anataka kunikimbia. Nasema mume, ni mjukuu, lakini nimemwita mume tangu nilipokuwa namfunga nepi, na hajawahi kukataa. Nimemlea mimi, mama yake yuko mbali na kazi zake zisizoisha. Sasa ana mchumba. Na mchumba mwenyewe ni zimamoto! Mwanamke mzima anavaa kofia ngumu na kupanda ngazi kwenye nyumba za watu. Kikosi chao kinatoa nyumba kwa waliooana, ng'ambo ya mji. Wakioana tu, wanahama. Mimi nibaki humu nazungumza na kuta.

Leo akila nimemwambia asidanganywe na meno meupe, amwangalie binti anavyokaa na wazee. Akatafuna. Akasema, Bibi, hilo kweli, hata mimi bado najiuliza. Akasema Jumamosi wanakwenda Njia ya Majabali, ile njia ya miguu ya kando ya bahari, nifuatane nao, naye atamtazama. Bado anajiuliza! Nimeosha vyombo nikiimba.

Ijumaa, 6 Machi

Mpango umeiva. Tukifika katikati ya njia, mguu unateguka. Mimi chini, nalia. Binti atafanya nini? Atatazama saa. Atashusha ile pumzi ya wasichana wa siku hizi, kama tairi linalotoa upepo. Mume wangu ataona yote. Ndoa kwisha.

Nimefanya mazoezi chumbani. Kuanguka si kazi rahisi! Mara ya kwanza nimeangukia kitanda, hakuna maumivu ya kuaminika. Mara ya pili nimeangukia stuli, maumivu yakazidi. Sauti ndiyo ngumu. "Uwi" ni ya msibani. "Ai" ni ya aliyeungua kidole. Nimechagua "Yalaa!" Jirani amegonga ukuta kuuliza kama nimekufa. Nimemjibu bado, aendelee kusubiri.

Jumamosi, 7 Machi

Kwanza hiyo njia. Mawe! Watu wazima, wana nyumba zenye viti, wanatoka asubuhi kwenda kutazama mawe yakipigwa na maji. Wamevaa viatu vya kupandia milima, mikononi fimbo mbili mbili kama wagonjwa, na njia yenyewe imesakafiwa na ina vyuma vya kushikia. Kila kona kibao: Mahali pa Kutazama. Kwani kwingine tufumbe macho? Mwanamke mmoja aliligeuzia jabali mgongo, akajipiga picha nalo, akaenda zake bila kuligeukia. Hata kwaheri hakuliaga.

Bahari nzuri, sikatai. Ilikuwa inapanda majabali na kumwagika nyeupe mpaka chumvi ikanifika mdomoni. Lakini sikwenda kustarehe. Nilikwenda kazini.

Zimamoto alikuja na gauni la maua na raba. Akaniamkia kwa kuinama. Nikamwitikia ile marahaba ya puani. Akataka kunibebea mkoba, nikaunyang'anya. Nikamuuliza mbele ya mume wangu kama anajua kuwasha jiko au kulizima tu. Akacheka! Akasema, mke mwenzangu, kuzima nalipwa, kuwasha nitakuja kufundishwa na wewe. Mke mwenza! Utani wangu mwenyewe, ananirudishia!

Katikati kuna ngazi za mawe, chini yake jiwe pana. Wao walikuwa mbele wakioneshana ndege. Nikatazama huku na huku, nikajiandaa vizuri, nikaanguka. Yalaa!

Mume wangu akaja mbio, jasho linamtoka. Nikawaambia waniache nife, waende wakatazame mandhari yao. (Hilo nililitunga jana.) Nikamkazia macho Zimamoto, nikiisubiri ile pumzi. Haikutoka. Mlinzi wa njia akafika na filimbi yake, akasema machela iko langoni, tungoje. Zimamoto akasema tungoje nini? Akainama, akanishika mkono, akapita chini yangu, hao! Nikajikuta begani mwake, kichwa chini, kama gunia la mkaa! Mimi! Nikampiga mgongoni, nikamwambia niteremshe, ibilisi wewe. Akasema, Bibi tulia, nimeshabeba wanene kuliko wewe na nyumba inawaka. Wanene kuliko mimi! Tusi hilo limepita mbele ya mume wangu, naye anahangaika kuokota mkoba wangu.

Akanibeba kwenda mbele, kwa kuwa lango la mwisho ndilo lilikuwa karibu. Watu wakatupisha. Watu wakapiga makofi. Njia yote hiyo ya sifa nimeitazama kichwa chini. Bahari ilikuwa juu, mawingu chini, na katikati visigino vya raba.

Mara visigino vikasimama. Nikamsikia mume wangu anahema. Akasema, nilikuwa najiuliza, sasa sijiulizi tena. Nikaona magoti yake yanagusa sakafu, kama mtu aliyedondosha ufunguo. Akamwomba waoane. Mimi nikiwa huko juu! Nikapiga kelele kwamba sijakubali. Hakuna aliyeniuliza. Binti akasema ndiyo, na bega likatikisika kwa kicheko. Tumbo langu ni shahidi.

Jumapili, 8 Machi

Inabidi niendelee kuumwa. Bandeji mpaka kwenye goti. Nikitaka kwenda msalani nachungulia kwanza mlangoni.

Jirani amekuja kunijulia hali, kumbe ameshaniona kwenye simu. Mji mzima umeniona. Chini ya picha wameandika "Mashujaa wawili". Jirani anasema mbona nilikuwa natabasamu. Nimemwambia kichwa kikiwa chini, kila mdomo unatabasamu.

Jumanne, 10 Machi

Zimamoto amekuja kuutazama mguu. Mume wangu alikuwa kazini, anatengeneza friji za watu. Binti akachemsha chai, akafunga mlango wa jikoni, akaketi. Akasema polepole kwamba pale kwenye jiwe alikuwa amegeuka, aliniona. Bibi, mtu anayeteguka hatandiki mtandio kwanza.

Jiwe lilikuwa na majimaji! Nichafue gauni? Lakini sikusema hivyo. Nilisema macho yake yameharibiwa na moshi.

Akasema hajamwambia mtu na hatamwambia. Halafu akasema jambo baya zaidi. Akasema nyumba ya kikosi si lazima, chumba cha huku kinawatosha. Bibi, kama unataka tukae na wewe, sema tu. Tutakaa.

Nilikuwa nalo neno, hapa, mdomoni, pamoja na chai. Lakini namna alivyonitazama! Kama mimi ni paka aliyekwama juu ya paa! Nikamwambia nani kakudanganya kwamba nawataka? Nimelea, nimechoka. Nataka nyumba yangu iwe kimya. Nendeni, hata kesho.

Akamaliza chai. Akaosha kikombe. Akasema sawa, mke mwenzangu. Kikombe kimetakata, hapo siwezi kumsingizia.

Jumapili, 29 Machi

Ndoa Ijumaa, kuhama jana. Nyumba kimya, kama nilivyoagiza. Nimepika chakula cha watu wawili kwa kusahau, nimekila chote kwa hasira.

Mume wangu ameniwekea namba yao kwenye simu, kubonyeza mara moja tu. Alisema, Bibi, ukitaka chochote bonyeza, tunakuja. Nibonyeze niseme nini? Kwamba nimewakumbuka? Sijawa ombaomba.

Nimefikiri sana leo. Jumatano Zimamoto yuko zamu, na kituo chao ndicho kinachohudumia mtaa huu. Mume wangu akisikia, ataacha friji zote aje. Sitaki moto, mimi si mwehu. Moshi tu, wa kuonekana barabarani. Hata kupiga simu sitapiga; jirani atapiga, mbea yule. Watakuja wote wawili mbio, na mimi sijamwomba mtu kitu.

Nimeshachagua sufuria.