Ekzosi ya Bibie na Chipu Yake

Jumatatu, 4 Machi

Vita! Mke wangu ametoa hukumu wakati wa chai. Mama yake anakuja Jumapili kwa treni, na mimi ndiye nitakayempokea stesheni kwa Bibie. Bibie akimfikisha hadi getini bila kuzimika, anabaki. Akizimika njiani, anauzwa, na banda lake linageuzwa chumba cha kufulia. Nikauliza kuhusu rufaa. Hakuna rufaa.

Bibie ni gari langu la spoti. Viti viwili, boneti ndefu, rangi nyekundu pale ambapo kutu haijafika. Ndiyo, huzimika. Lakini huzimika kwa madaha.

Shemeji, kaka yake mke wangu, anakaa nyumba ya pili na ana gari jipya lisilotoa sauti hata chembe. Amejitolea kumpokea mama yeye mwenyewe, eti kwa usalama. Kijiba cha roho tu.

Fundi wa gereji amemkagua Bibie. Anasema rejeta inavuja maji, injini inachemka, rejeta ibadilishwe, basi. Rejeta! Nani amewahi kugeuza shingo barabarani kutazama rejeta? Nimeamua: fedha ya rejeta inakwenda kwenye ekzosi mpya na chipu ya kuongeza nguvu. Bibie hazimiki kwa sababu ya maji. Amekata tamaa tu.

Jumanne, 5 Machi

Siku ya kuchagua! Sijafurahi hivi tangu harusi yangu, na harusini viatu vilinibana.

Tangu alfajiri nasikiliza sauti za ekzosi kwenye simu. Kuna ya bomba moja, inakoroma kama mzee aliyeshiba. Kuna ya mabomba mawili membamba, inalia kwa pua. Na kuna ya mabomba mawili manene, bila sailensa. Ngurumo! Nywele za mikono zilisimama. Nilimsikilizisha mke wangu zote tatu. Alisema zote ni mashine ya kusaga, tofauti ni unga. Nikazisikiliza tena dukani, ninakouza mapazia. Mama mmoja alikuja na mwanawe kuchagua pazia la chumba chake, akaondoka bila pazia, mtoto analia.

Fundi anashauri bomba moja la wastani. Eti manene mno hupunguza nguvu gari likienda polepole, halafu yataning'inia chini. Nikamwambia pumzi ni pumzi. Akafuta mikono.

Nimechukua manene.

Jumatano, 6 Machi

Chipu imefika! Ndogo kama kiberiti, ila boksi lake lingetosha viatu. Karatasi yake inasema ichomekwe kwenye tundu lililo chini ya usukani. Nikalala chali ndani ya Bibie, tochi mdomoni. Nimekuta chanuo, peremende na funguo za nyumba nisiyoijua. Tundu hakuna. Nikaona mambo ya matundu ni ya watu wasio na ubunifu. Nimeibandika nyuma ya redio kwa gundi ya pindo za mapazia.

Jamani! Jamani! Bibie anaruka! Nilikanyaga mafuta kidogo tu, mgongo ukaganda kwenye kiti. Nilimpita mwendesha baiskeli mlimani, tena kijana!

Shemeji aliuliza nimeichomeka wapi. Nikamwambia ni teknolojia, asijisumbue.

Alhamisi, 7 Machi

Ekzosi imefungwa asubuhi. Sina maneno. Nilipowasha, kuku wa jirani waliingia ndani wenyewe. Vioo vya gereji vilitetemeka, nami nilitetemeka navyo. Nilitaka kumkumbatia fundi, akakwepa.

Tatizo dogo. Mchana nilimuaga bosi kwamba nakwenda kupima madirisha ya mteja. Nikaenda kuzunguka mji. Niliporudi, bosi alinitajia njia yangu yote, kona kwa kona. Hakuwa amenyanyuka kitini. Alinisikia. Akataka kujua huyo mteja anakaa dirisha gani la uwanja wa mpira.

Jioni mke wangu alikuwa ameshapakua chakula kabla sijafika. Alinisikia tangu darajani. Bosi anaona kosa, mimi naona chakula cha moto.

Ijumaa, 8 Machi

Pigo! Fundi alikuwa anakaza bomba, akaiona chipu. Alicheka mpaka akakaa juu ya tairi. Kisha akanieleza pole pole, kama anavyoelezwa mgonjwa. Chipu hufanya kazi kwa kuongea na kompyuta ya gari. Bibie hana kompyuta. Ana kabureta. Alitengenezwa kabla ya mambo hayo, na chipu yangu haijaunganishwa na kitu chochote ila gundi. Alisema huku ni kumpigia mbuzi gitaa, na hapa hata mbuzi hayupo.

Nikamwomba, tafadhali, shemeji yangu asijue. Shemeji alikuwa amesimama nyuma yangu. Alikuja kujaza upepo wa tairi.

Muuzaji anasema bidhaa iliyopakwa gundi hairudishwi.

Lakini mgongo wangu uliganda kwenye kiti! Nani atabishana na mgongo? Nimeiacha palepale.

Jumamosi, 9 Machi

Mke wangu alinifuata bandani. Hakuja kwa ugomvi. Alisema fundi yuko tayari kuiziba rejeta leo hii, nimpelekee tu. Akasema sikio la kufa halisikii dawa, lakini langu bado anaona lina uhai. Halafu akaweka mkono juu ya boneti na kusema hata yeye hataki kumwona Bibie akiondoka. Nilishachukua ufunguo.

Ndipo shemeji akapita na gari lake bubu, akashusha kioo, akaniuliza chipu inaendeleaje.

Siku nzima nimesugua mabomba mpaka najiona ndani yake. Rejeta nimeitengea madumu mawili ya maji kwenye buti. Mwenye mpango hahitaji fundi.

Jumapili, 10 Machi

Mama mkwe ameshuka na masanduku mawili. Buti imejaa madumu. Sanduku moja nililifunga juu kwa kamba, la pili akalipakata. Alisema mwanangu usijali, nimesafiri kwa tabu zaidi. Nikawasha.

Stesheni nzima iligeuka! Wachukuzi, abiria, mpaka dereva wa treni. Naapa, hiyo ndiyo dakika tamu kuliko zote maishani mwangu. Mama mkwe aliniambia jambo. Niliona midomo tu. Nikajibu ndiyo mama, kwa heshima. Akasema tena. Ndiyo mama. Kumbe alikuwa anauliza kama ule mvuke mbele ni wa kawaida.

Tuta la kwanza, mabomba yalikwaruza. La pili, cheche. La tatu, kishindo! Bomba moja limelala barabarani. Nikalirudia, nikalifunga kwenye sampuli ya pazia maana lilikuwa la moto, nikaliweka miguuni pa mama mkwe. Bibie bado ananguruma! Hajazimika! Nilikuwa nashinda!

Kisha mlima wetu. Mlima ule mdogo, ambao watoto huupanda wakiruka kamba. Ukipanda polepole, nguvu hakuna. Nikasimama, nikamwaga maji ya dumu la kwanza kwenye rejeta, yakapita moja kwa moja hadi chini. La pili, vilevile. Bibie akatoa mvuke, akakohoa, akazimika. Geti la nyumbani tunaliona.

Shemeji alikuja na ndala kusukuma. Hakucheka hata kidogo. Bora angecheka.

Mama mkwe alimaliza njia kwa miguu, nami nyuma nimebeba bomba. Getini akanishika bega. Alipiga kelele, maana masikio yalikuwa bado yamemziba, na mtaa mzima ukasikia: mwanangu, gari lako ni zuri sana, liuze.

Jumanne, 12 Machi

Bibie ameondoka. Amenunuliwa na mwalimu mstaafu, mtu mpole. Hakuuliza neno juu ya ekzosi. Aliuliza rejeta. Nimelia ndani ya banda, wazi, bila kujificha. Mke wangu alikuja akakaa nami kwenye tairi la akiba, akanishika mkono, akaniapisha: gari bovu haliingii tena hapa. Nimeapa kwa moyo wote.

Chipu nilishaibandua. Haikuwa kwenye makubaliano.

Alhamisi, 14 Machi

Nimetafakari, na nimejifunza! Kosa langu lilikuwa kununua gari kwanza na chipu baadaye. Mtu mwenye akili huanza na chipu.

Nimesoma karatasi yake upya. Imetaja magari yanayoikubali, na mojawapo liko hapa hapa mjini, nyuma ya kiwanda cha matofali. La spoti! Milango miwili! Leo nimemuaga bosi nakwenda kupima madirisha, nikaenda kwa miguu, kimya kabisa, hakuna aliyenisikia. Nimechomeka chipu. Imeingia sawasawa! Haikucheza hata kidogo.

Wala kiapo sijakivunja. Niliapa juu ya gari bovu, na hili halina kinachoweza kuharibika. Halina injini.