Jiwe Limesogea Vidole Viwili

Jumanne, 9 Agosti 1994

Leo dunia imetikisika. Sitanii. Saa nne asubuhi, Kirumba nzima hapa Mwanza, nami nikiwa katikati ya kunyoa kichwa cha Mzee Mutayoba. Kwanza kioo kikagonga ukuta wa kibanda. Kisha kopo la poda likatembea lenyewe mezani, likaanguka. Kisha mimi sikuwepo. Nilijikuta mbali barabarani, mkasi mkononi, nikiwahimiza watu wasikimbie.

Mzee Mutayoba hakuinuka kitini. Mwalimu mstaafu, mtu wa Bukoba. Akasema kwao tetemeko dogo kama hili hata kuku hawashtuki, nirudi nimalizie upande wa kushoto. Nikamwambia asubiri kwanza ardhi itulie. Akavaa kofia, akavuka kwenda kumaliziwa kwa Deodatus. Nusu yangu, nusu ya Deodatus! Na sifa kapata nani? Aliyemaliza.

Jumatano, 10 Agosti

Huyu Deodatus ananyoa ng'ambo ya barabara, chini ya lile jiwe kubwa. Kivuli tangu asubuhi hadi saa kumi. Ana mashine ya umeme kutoka Dubai, maana siku hizi kila kitu ruksa. Mimi niko chini ya bati. Mteja wangu anaiva kabla sijamfunga shuka.

Hayo ningeyavumilia. Lakini hatua tatu kutoka kiti cha Deodatus, kwenye kivuli hicho hicho, Prudencia anauza chai na vitumbua. Nampenda. Miezi minane nampungia mkono kutoka ng'ambo. Deodatus anapewa kikombe hata hajaomba!

Lazima nipate kivuli kile. Na leo nimejua jinsi ya kukipata. Jiwe limekaa juu ya mengine matatu kama chungu kwenye mafiga, tangu enzi za mababu. Saa saba, Deodatus alipokwenda kula, nimechora mstari wa chaki kwenye jiwe la juu, na mwingine kwenye la chini, ikaelekeana sawasawa. Nikatangaza ni kipimo cha kitaalamu, cha kujua kama jiwe linasogea tangu tetemeko. Mjomba wangu alifanya kazi Mwadui, kwenye mgodi wa almasi. Alikuwa mpishi, ila hakuna aliyeuliza.

Alhamisi, 11 Agosti

Alfajiri nimefuta mstari wa chini kwa mate, nikachora mwingine pembeni. Vidole viwili. Saa mbili nikapita pale kama mtu asiye na jambo. Nikasimama. Nikashika kiuno. Nikasema, jamani!

Watu wakajaa. Mama Tereza, balozi wetu wa nyumba kumi, akapima kwa vidole vyake, ambavyo ni vinene, akapata kimoja na nusu. Sikubisha. Mzee Mutayoba akacheka, akasema jiwe lenye mwendo huo lingekuwa limeshafika Musoma. Hakuna aliyemsikiliza. Hadi jioni kulikuwa na bwana kutoka Igoma anayeapa kwamba amelisikia likinguruma.

Ijumaa, 12 Agosti

Nimeongeza kidole kimoja. Kisha nimemfuata Deodatus kwa upole. Nikamwambia yeye ana wazazi wanaomtegemea, mimi sina mke wala mtoto. Tubadilishane. Achukue bati langu, mimi nikae na hatari.

Machozi yakamtoka. Akanikumbatia! Akasema hakujua mimi Masalu nina moyo wa namna hiyo. Niliona aibu kama dakika moja. Mama Tereza ameandika karatasi, tumetia sahihi, hakuna kurudi nyuma.

Jumamosi, 13 Agosti

Nimehamia. Kivuli! Ubaridi! Upepo wa ziwa shingoni!

Prudencia amehama pia. Jiko, birika, benchi, vyote. Amepanga meza yake chini ya bati langu la zamani, hatua mbili kutoka kwa Deodatus. Zamani zilikuwa tatu. Ananishukuru sana kwa kuwatahadharisha, ananiita shujaa. Ameniletea chai, ila hakuthubutu kufika. Ameweka kikombe katikati ya njia, akarudi nyuma, akaniashiria nikachukue.

Wateja, hakuna. Mbuzi mmoja alikuja, akatazama juu, akaondoka.

Jumapili, 14 Agosti

Kanisani wameniombea kwa jina. Alasiri nikaenda kukaa kivulini peke yangu. Nikatazama mstari. Lo! Umesogea! Nilikuwa nimeshafika barabarani nilipokumbuka niliuchora mwenyewe. Nikarudi. Kiti nimekivuta pembeni kidogo hata hivyo.

Jumatatu, 15 Agosti

Mteja! Mzee Mutayoba. Nikamwamkia shikamoo mara mbili kwa furaha. Akaketi, akasifu kivuli. Nikiwa kwenye kisogo akasema aliniona Alhamisi alfajiri nikitemea jiwe mate. Alinyamaza kwa sababu alitaka kuona nitaishia wapi, na sasa ameona. Njia ya mwongo ni fupi, akasema. Nivuke, nimweleze Prudencia ukweli wa jiwe, na nikiwa hapo hapo nimweleze na lile lingine la miezi minane. Huenda akacheka. Mwanamke akicheka, kazi imebaki nusu.

Ushauri wa busara. Nilikaribia kulia. Nimemnyoa kichwa kizima.

Jumanne, 16 Agosti

Nimelala nao ule ushauri, nikaona una kasoro. Ukweli ungeniaibisha. Kumbe jiwe lililokwenda linaweza pia kurudi! Kidole kimoja kila siku, na Alhamisi liko kwao, na Prudencia yuko kwangu. Alfajiri nimefuta, nimechora. Saa mbili nimeshika kiuno. Jamani, linarudi!

Mama Tereza akapima. Akapima tena. Akasema jiwe linalokwenda mbele tu lina adabu, ila linalokwenda na kurudi limelegea kama jino, halijulikani litaangukia upande gani. Ameamuru na ng'ambo nako wahame leo leo. Deodatus amepata chumba Pasiansi, chenye umeme na baraza. Prudencia ameshapakia birika, naye anahamia huko huko. Aliponiaga, kutoka mbali, alilia.

Mzee Mutayoba alipita. Alitikisa tu kichwa, na kimenyolewa vizuri sana.

Jioni nimekwenda kupaangalia Pasiansi. Pazuri. Nyuma ya hicho chumba kuna jiwe moja, kubwa kuliko hili letu. Na chaki bado ninayo, nusu kipande.