Yah: Pikapu Inayopiga Honi Ikikata Kushoto

Modest Ngollo,
Kwihara, Tabora.

Kwa Meneja wa Huduma kwa Wateja,
Kampuni ya Magari,
Dar es Salaam.

Ndugu Meneja,

Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na mafundi wako wote. Sisi huku ni wazima, isipokuwa pikapu niliyoinunua kwenu.

Pikapu ni mpya na haina neno, ila kila nikikata kushoto inapiga honi yenyewe, na hainyamazi mpaka usukani unyooke. Niliipeleka kwa Nassibu, fundi wa mjini Tabora. Alifungua boneti, akaona kibandiko chenu cha waranti, akaifunga taratibu kama mtu aliyekosea mlango akaingia chumba cha wakwe. "Mzee, nikigusa hata waya mmoja hapa, waranti yako imekufa," aliniambia. Nikawapigia simu. Dada Najiat wa ofisini kwako alinisikiliza kwa adabu sana, akanithibitishia kuwa gereji mnayoitambua ni hiyo ya Dar es Salaam tu, na kwamba niilete nikiendesha kwa uangalifu. Nilimuuliza kutoka Tabora hadi huko kuna kona ngapi za kushoto. Alisema atauliza.

Kwa kuwa bado anauliza, naleta malalamiko yangu kwa mpangilio.

1. Ili kuikwepa honi, siku hizi nikitaka kwenda kushoto nakata kulia mara tatu. Kanisa letu liko kushoto. Jumapili tulizunguka mashamba ya watu mpaka tukaingia padri akitubariki tuondoke. Mke wangu Advera sasa anakwenda kwa miguu, na anafika kabla yangu.

2. Trafiki alinisimamisha karibu na hospitali, akataka kujua nampigia honi nani. Nikamweleza. Hakuniamini, akaingia mwenyewe, akakata kushoto. Aliposhuka aliniruhusu niende, mradi niende kulia.

3. Hili ndilo linaloniuma. Binti yangu Julieth amechumbiwa Usoke, na kijana wa Mzee Kornel. Mzee huyo alifiwa na mama yake, nasi tukaenda kuhani, nyuma nimepakia akina mama wa jumuiya. Nyumba yake iko kushoto mwa barabara, na pale hakuna pa kuzungukia, ni tumbaku pande zote. Nikakata. Honi ililia toka barabarani hadi kwenye turubai, honi ile ndefu ya kumleta bibi harusi. Wanawake waliokuwa jikoni, kwa mazoea tu, wakapiga vigelegele. Mzee Kornel akainuka mkekani, akaja dirishani kwangu, akaniuliza kwa sauti ya chini: "Ndugu Modest, umekuja kumzika mama yangu au kumuoa?"

Mazungumzo ya harusi yamesimama. Julieth ananiamkia shikamoo akiwa ameutazama ukuta, nami naitikia marahaba nikitazama chini.

4. Wazee wa ukoo wetu walikuwa wapagazi. Walibeba pembe za ndovu, mali ya watu, kutoka hapa Kwihara hadi pwani, kichwani. Mimi nilinunua gari ili ukoo upumzike. Leo mnaniambia nipeleke mzigo pwani kwa njia ile ile. Hata zamani, kamba ya mzigo ikikatikia Tabora ilifungwa Tabora.

Kwa hiyo naomba mteue gereji hapa kwetu. Ikishindikana, mlete wapagazi wenu waje kuibeba pikapu. Tutawapa maji na asali wakipita. Na ikishindikana hata hilo, muihamishie nyumba ya Mzee Kornel upande wa kulia wa barabara.

Kuhusu fundi, sina ubaguzi. Fundi wa nyumbani ni waranti tosha: tunasali naye, tunazikana naye, akiharibu hana pa kujificha. Yeyote mtakayemteua Tabora nitampokea kwa mikono miwili hata kabla sijalijua jina lake.

Nisalimie Dada Najiat, mafundi, mlinzi wa getini na watoto nyumbani kwako. Advera anakusalimu. Julieth naye angekusalimu, kama angekuwa anageuka.

Ni mimi mteja wenu, bado nazunguka,
Modest Ngollo

N.B. Kabla sijaifunga bahasha, Dada Najiat amepiga simu. Kumbe maneno yangu ya simuni yalikufikia, na mmekubali: gereji yenu mpya ya Tabora iko Itetemia, na fundi wake ni Gerson. Nashukuru. Gerson ni shemeji yangu, kaka yake Advera. Mwaka jana alinitengenezea pampu ya maji, na tangu hapo inayatoa maji kwenye tangi na kuyarudisha kisimani. Sijalalamika, maana kila Jumapili anakula kwetu, na nyama anapakuliwa yeye kwanza. Julieth alikuwa anasikiliza simu. Amecheka mpaka akakaa chini, akampigia mchumba wake. Jioni hii Mzee Kornel mwenyewe amenipigia. Naye, kumbe, ana shemeji fundi. Tumeongea kwa muda mrefu, na amesema mshenga wao atakuja kwetu Jumamosi.

Naomba mfute malalamiko yote manne. Dar es Salaam si mbali hata kidogo, naondoka alfajiri. Gerson akiwauliza habari za pikapu, tafadhali semeni hamnijui.