Kikombe cha Vibidius

Aprili 4, siku ya Mwezi
Vibidius amesoma utenzi wake wa mji uliozingirwa. Adui akashika komeo la lango, na hapo Vibidius akanyamaza! Akanywa maji. Polepole. Ukumbi mzima haukupumua. Bibi Occia, yule mjane tajiri, alitafuna ncha ya shela yake. Wiki hii atachagua msomaji wa karamu yake. Lazima niwe mimi. Nimeandika historia ya mji huohuo, mwaka baada ya mwaka, bila kuruka konsuli, mtawala wa mwaka, hata mmoja. Mke wangu Sabidia alimlilia Vibidius. Nikisoma mimi, husinzia.

Aprili 5, siku ya Mirihi
Zamu yangu. Nilibeba kikombe. Adui akainua shoka langoni; nikanyamaza, nikanywa. Ila katika historia yangu mwaka ulikuwa umekwisha. Utaratibu ni utaratibu: nikataja makonsuli wapya, kisha ishara za mwaka: mvua ya mawe, ng'ombe aliyesema. Niliporudi langoni walibaki wasikilizaji wawili. Mmoja alikoroma. Mwingine, Sabidia, aliuliza, "Bwana wee, huyo wa shoka mkono wake haujafa ganzi?"

Aprili 7, siku ya Mshtarii
Vibidius amesoma tena. Nimemgundua! Utamu wake wote ni watu kutojua mwisho. Basi nikaamua kuutoboa. Shujaa alipomuaga mkewe nilisimama, nikapaza sauti kwamba huyu harudi, atauawa langoni kabla ya jua kuchwa. Nikaketi kusubiri miayo.
Kumbe! Shujaa akafunga kamba ya kiatu, watu wakaguna. Akambusu mwanawe, vilio. Mzee mmoja akamsihi, "Usitoke, mwanangu!" Kiatu tu! Mimi nina miaka kumi ya vita na hakuna aliyewahi kuguna. Vibidius akaniinamishia kichwa kwa shukrani. Mnafiki.

Aprili 8, siku ya Zuhura
Bibi Occia ameniita. Nilipaka chokaa toga yangu, vazi la heshima, ikang'aa. Atakayesoma ni Vibidius. Mimi? Anaomba nihudhurie, nisimame palepale, nitoboe mwisho vilevile. Ati hajawahi kuogopa namna ile.
Sabidia alicheka hadi akashika ukuta. Akanishauri historia yangu nayo ianze na kifo, kiatu kifuate. Anajua nini! Itaanza na makonsuli.
Nimekubali mwaliko. Kosa langu nimeliona: nilichelewa. Safari hii nitautoboa mwisho kabla Vibidius hajafungua kinywa. Tuone nani atalia!