Diski za Katibu

Redio ya muuza kahawa ilikuwa ndiyo kwanza imetangaza kwamba gari la ofisi moja lilikataa kusimama asubuhi hiyo, likavuka mtaro, likaingia shamba la zabibu na kutulia humo humo. Dereva mzima, zabibu hoi. Kijiwe cha kahawa cha Kizota, pale Dodoma, kikapasuka kwa kicheko, na aliyecheka kuwashinda wote alikuwa Wambura, karani wa serikali waliyembatiza Katibu kwa sababu hata akiagiza kahawa husema "naomba kuwasilisha".

"Huo ni uzembe wa matengenezo," alisema akijifuta machozi. "Ilitakiwa iundwe timu mapema."

"Timu ya nini?" Optatus akaweka kikombe chini. Huyu alikuwa dereva mstaafu wa malori, kijiweni wakimwita Gia Nne. "Mimi nimeshuka milima ya Mpwapwa mpaka Gulwe na tani kumi mgongoni, breki sina hata ya dawa. Gia tu! Gia na kuimba."

"Acha fiksi, mzee," akasema Mazengo, ambaye kwa kupekua kila habari walimwita Mchambuzi. "Juzi hapa ulishindwa kusimamisha baiskeli, ukasimamishwa na meza ya chapati."

"Ile baiskeli ilikuwa ya kuazima!"

"Na wewe Katibu punguza kicheko," Mchambuzi akageuka. "Gari lako likifunga breki Kizota nzima inajua. Linalia kama mbuzi anayepelekwa mnadani, usukani unatetemeka mpaka saa inakuhama mkononi."

Kicheko cha Katibu kikakauka. Alilijua hilo tangu mwezi uliopita, ila kila wiki alijiambia suala liko kwenye mchakato. Leo ndiyo alikuwa amelipeleka kwa Penina, fundi mwenye gereji ng'ambo ya barabara, kwa kuwa mchana huo alitakiwa kumchukua mama mkwe wake hospitali huko Mvumi.

Penina mwenyewe huyo hapo, anavuka barabara na ovaroli lake, mkononi kabeba duara la chuma kama sahani.

"Katibu, hii ndiyo diski yako ya mbele. Pedi zinaibana hapa ndipo tairi linasimama. Weka kidole."

Katibu akaweka. Katikati palikuwa pameliwa, pembeni pamebaki ukingo mkali kama mdomo wa bakuli.

"Si uichonge tu ikae sawa?"

"Ilishachongwa mara mbili. Imebaki nyembamba, nikiichonga tena, siku ukikanyaga kwa nguvu itapasuka. Zinatakiwa mpya, zote mbili za mbele, na pedi zake."

"Dada, ichonge kidogo, inifikishe Mvumi."

"Kufika utafika," akadakia Mchambuzi. "Shughuli ni kusimama."

"Atumie gia!" akapiga kelele Gia Nne.

"Nyamaza, mzee wa chapati!"

Katibu akashusha sauti yake ya ofisini. "Fundi, tuelewane kitaalamu. Uchonge kwa muda, halafu suala la kununua mpya tuliingize kwenye robo ijayo."

Penina hakucheka. Alichomoa daftari la kazi, akaandika mistari miwili, akamsogezea pamoja na kalamu. Katibu akasoma: *Fundi amekataa. Mwenye gari ameamua diski zichongwe tena, na anakwenda kumpakia mama mkwe.*

"Saini hapo."

Katibu alikuwa amesaini mengi maishani: likizo, safari, semina zilizofanyika na zisizofanyika, na mkono haukuwahi kutikisika. Leo kalamu iligusa karatasi ikagoma. Alimwona mkwewe, mama Evelina, kwenye kiti cha mbele, mkoba mapajani, ametulia, hana habari.

"Funga mpya," akasema polepole.

"Waliosema ndiyo wameshinda!" Mchambuzi akagonga benchi.

Saa saba gari lilikuwa tayari. "Kanyaga taratibu," Penina alimwonya, "pedi na diski zizoeane kwanza." Lakini mguu wa Katibu ulikuwa umezoea kupigana na breki mbovu. Alipofika mbele ya kijiwe aliukandamiza kama zamani, gari likasimama papo hapo, na Gia Nne, aliyejipakia nyuma kwa madai ya kukagua, akajikuta uso kwa uso na dashibodi.

"Hili sasa linasikia!" Katibu akashuka kifua mbele. Simu ikaita, naye kwa furaha akaiweka spika ili kijiwe kisikie.

"Shikamoo, mama! Ndiyo natoka. Leo utafurahi, nimefunga diski mpya, breki ukigusa tu gari linasimama."

"Marahaba, baba. Diski mpya?" Mama Evelina akauliza. "Kwa hiyo wiki iliyopita uliponileta, zilikuwaje?"

Katibu akamtazama Penina. Penina akatazama mawingu.

"Mama... zilikuwa kwenye mchakato."

"Ahaa! Basi ngoja nimpe daktari simu umweleze mwenyewe. Mimi nilikuja kupimwa macho, goti ndilo likanilaza. Kila siku ananiuliza limeumiaje, na mimi naona aibu kumwambia kwamba tangu Dodoma mpaka hapa nilikuwa nakanyaga breki upande wangu."