Kamati ya Kutafuta Akili, Thika na Ruiru

Wananchi wote wa Thika na Ruiru walitangaziwa kwa kipaza sauti, mwaka wa 1956, kwamba Serikali imegundua kuwa baadhi ya watoto wao wana akili. Wakaombwa wasiwe na wasiwasi. Kamati ilikuwa imeshaundwa kulishughulikia jambo hilo.

Mimi ndiye niliyekuwa karani wa Kamati hiyo. Mwenyekiti alikuwa Chifu Absalom, na mtaalamu wetu alikuwa mzungu wa idara ya masomo tuliyemwita Bwana Elimu. Kazi yetu ilikuwa kumtafuta mtoto mmoja mwenye kipaji, apelekwe shule ya bweni mbali na huku, alishwe, avishwe, asomeshwe bure. Palikuwa na nafasi moja tu, kwa sababu Serikali ilikadiria kwamba akili ya eneo letu ingetosha hapo.

Kipimo kilitoka Uingereza kikiwa ndani ya sanduku. Zilikuwa picha tatu, na kila picha ilikosa kitu. Kikombe kilikosa kishikio. Mbwa alikosa mkia. Mzungu mmoja alikuwa ameketi kando ya moto akisoma gazeti, na kiti chake kilikosa mguu. Mtoto angeulizwa, "Kitu gani kimekosekana?" Akijua, ana kipaji. Asipojua, arudi akachunge mbuzi.

Majibu nilimpelekea Chifu mapema nyumbani kwake. Mwenyekiti anayeshtukizwa na majibu ni aibu kwa Kamati. Kwamba mtoto wake Bedan alikuwa darasa la nne na angepimwa siku iyo hiyo, hilo lilikuwa jambo la kifamilia.

Tulianzia Ruiru, shule ya watoto wa wachuma kahawa. Aliingia msichana mwembamba aitwaye Wangeci, mtoto wa Ngina.

"Kikombe hiki kimekosa nini?" akauliza Bwana Elimu.

"Chai," akasema Wangeci.

"Tazama vizuri. Hakina kitu hapa pembeni."

"Hata vyetu nyumbani ni hivyo. Baba hukata mikebe."

Akaonyeshwa mbwa. Akasema hajakosa kitu, mbwa wa meneja wao wa kahawa pia amekatwa mkia na anabweka sawasawa. Akaonyeshwa yule mzungu. Hapo aliinama, akaangalia tena.

"Moto uko ndani ya nyumba," akasema, "na yeye anasoma gazeti. Huyu amekosa akili."

Nikaandika: *Mpungufu, na mwelekeo wa matusi.*

Bedan alifuata. Alisimama wima, akafumba macho, akasema kabla hajaulizwa, "Kishikio cha kikombe, mkia wa mbwa, mguu wa kiti." Bwana Elimu akaweka kalamu chini. Akasema hata Uingereza hajaona mtoto anayetambua picha bila kuziangalia. Kamati ikapiga makofi.

Matokeo yalisomwa barazani Thika, mbele ya watu wengi. Chifu alikuwa bado anampongeza mwanawe wakati Ngina, mama yake Wangeci, aliposimama, kitambaa cha kuchumia kahawa kikiwa bado kiunoni.

"Bwana, mimi sikatai," akamwambia Bwana Elimu. "Wangu ameanguka, sawa. Lakini sisi hatujui mtu wa akili anafanyaje. Chifu atuonyeshe, ili tukafundishe watoto."

Askari walimwangalia Chifu. Chifu alimwangalia Bwana Elimu. Bwana Elimu alifurahi sana, maana kwa muda mrefu alitamani wananchi waulize jambo la kitaalamu. Akazitoa picha, akazichanganya kama karata, akainua ya juu. Alikuwa mbwa.

Chifu hakuangalia picha. Mtu mkubwa haangalii, anaangaliwa. Alitazama watu, akakohoa.

"Kishikio," akasema.

Ikainuliwa ya pili, mzungu na gazeti lake.

"Mkia."

Watu wakamtazama yule mzungu wa picha, kisha Bwana Elimu. Kisha mzee mmoja nyuma akasema polepole, "Hiyo ni kweli, sijawahi kuona aliye nao," na watu wakaanza kuangalia chini, mabega yakitikisika.

Ikabaki ya kikombe.

"Mguu," akasema Chifu kwa sauti ya kumaliza mambo.

Bwana Elimu alikuwa mwekundu, lakini alikuwa mtu wa sayansi. Kipimo kilitoka Uingereza, kwa hiyo hakingeweza kukosea. Akapiga hesabu palepale, akatangaza kwamba Chifu Absalom ana akili ya mtoto wa miaka sita. Bedan alipimwa upya, akatoka sawa na baba yake, jambo lililothibitisha kitaalamu kwamba kipaji hurithiwa. Nami nilipoitwa nipimwe, tumbo lilinishika.

Nafasi ilikuwa wazi na Nairobi ilitaka jina. Bwana Elimu akamgeukia Mwalimu Kimeu wa Ruiru, akamuuliza kama anamjua mtoto yeyote mwerevu.

"Wangeci," akasema Kimeu. "Mngeniuliza tangu mwanzo."

Hatukuwa tumefikiria hilo. Mwalimu anashinda na watoto kila siku, hawezi kuwa na maoni huru.

Kumfukuza Chifu haikuwezekana, maana alikuwa mwaminifu kwa Serikali. Ikaamuliwa abaki na cheo chake, lakini kila asubuhi ahudhurie darasa la kwanza mpaka akili ilingane na umri. Akapewa dawati la mbele. Magoti yalimfika kidevuni.

Siku zile za Hali ya Hatari, mtu hakuweza kusafiri bila pasi ya chifu. Ngina alipotaka kumpeleka Wangeci shuleni, ilimbidi aje dirishani pa darasa. Nilikuwepo, nimeshika mhuri. Watoto walikuwa wanaimba silabi. Chifu alimwona, akanyoosha mkono. Mwalimu Kimeu hakumwona haraka. Chifu akaunyoosha zaidi, akitikisa vidole.

"Sema, Absalom."

"Mwalimu, naomba ruhusa nimpe huyu mama ruhusa."

"Ngoja kwanza. Tumalize *ba, be, bi*."